Onyo Lisilosomeka Si Onyo

Wahenga walituusia kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Hawakutuambia, hata hivyo, tahadhari hiyo itolewe kwa lugha gani. Pengine hawakuona haja. Katika zama zao, mwenye kuonya na mwenye kuonywa waliishi kijiji kimoja, wakateka maji katika kisima kimoja na kusema lugha moja. Aliyemwona nyoka njiani alipaza sauti, na aliyemfuata nyuma akasimama. Siku hizi aliyemwona nyoka yuko Japani, na anayekaribia kumkanyaga yuko Korbesa.

Kwa msomaji asiyepajua, Korbesa ni makazi ya Waborana karibu na mji wa Merti katika Kaunti ya Isiolo, kwenye nyika inayopitiwa na mto Ewaso Nyiro kabla mto huo haujapotelea katika kinamasi cha Lorian. Ni nchi ya ngamia na mbuzi, ya mikoma kandokando ya mto na vumbi kwingineko kote. Nilialikwa huko Oktoba 2024 na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili. Aliniomba nizungumze na wanafunzi wake kuhusu maana na matumizi ya maneno. Nami nilikwenda nikiamini kwamba mimi ndimi mwenye somo. Kumbe somo lilikuwa likinisubiri mjini Isiolo, limeegeshwa kando ya barabara.

Mwalimu huyo alikuja kunipokea kwa gari lake mwenyewe, jambo lililonifurahisha sana. Lilikuwa gari dogo la mseto, yaani lile lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme inayolishwa na betri kubwa. Nimeliita la mseto kwa makusudi. Ajuaye mseto wa wali na pojo anaelewa kwamba vitu viwili hupikwa pamoja na kila kimoja kikabaki na ladha yake. Katika magari haya, injini na mota hupokezana kazi. Gari likipunguza mwendo, nguvu ambayo breki za kawaida huipoteza kwa njia ya joto hugeuzwa kuwa umeme na kuhifadhiwa katika betri. Toyota walianza kuuza Prius nchini Japani mnamo Desemba 1997, na tangu hapo magari ya aina hii yamesambaa duniani kote. Sina ugomvi nayo. Hunywa mafuta kidogo, na mengi hudumu miaka mingi bila kumsumbua mwenyewe.

Aina ya gari la rafiki yangu sitaitaja, kwa kuwa si nia yangu kumshtaki mtu gazetini. Inatosha kusema kwamba liliundwa Japani mwaka 2012, likaingia kwa bandari ya Mombasa mwaka 2019, likamilikiwa na mtu mmoja jijini Nairobi, kisha likafikia mikononi mwa mwalimu mwaka 2023. Msomaji atakumbuka kwamba mnamo Septemba 2023 bei ya petroli jijini Nairobi ilipita shilingi 200 kwa lita. Kwa mtu anayeishi Korbesa, ambako kila kilomita huongeza bei ya mafuta, gari lisilo na kiu lilikuwa kama rehema. Alichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akakubali kukatwa mshahara kwa miaka minne, na akalileta gari nyumbani. Tangu siku hiyo gari halikuwa lake peke yake. Ndilo lililobeba karatasi za mitihani, ndilo lililowapeleka wagonjwa Merti usiku, na ndilo lililowarudisha wanafunzi makwao maji yalipojaa njiani.

Tuliondoka Isiolo alasiri. Nilikuwa nimebeba makatoni matatu ya vitabu, hasa kamusi, na tukayapanga kwenye kiti cha nyuma hadi yakakaribia kugusa paa. Tulipoiacha lami na kuishika njia ya vumbi, niliona kwenye dashibodi taa ya rangi ya manjano na, juu yake, mstari wa maandishi ya Kijapani.

"Hiyo nayo ni nini, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Hiyo, Daktari, huja na kuondoka," akanijibu bila wasiwasi. "Ina wiki tatu sasa. Nilimpigia simu aliyeniuzia, akaniambia nisijali, hicho ni Kijapani tu."

Ni Kijapani tu! Nakiri kwamba mimi, niliyeitumia nusu ya umri wangu kuwafundisha vijana kwamba hakuna lugha iliyo "tu", niliyasikia maneno hayo na kuyapitisha kama upepo. Tuliendelea na mazungumzo yetu. Jua lilipokuwa likielekea kutua tuliteremka katika laga moja pana, kavu, yenye mchanga mwingi. Katikati ya laga hiyo taa ya manjano ikawa nyekundu, maandishi yakabadilika, na gari likazimika kimya, mithili ya mtu aliyepitiwa na usingizi.

Anayeijua nchi ile anajua kwamba laga si mahali pa kulala. Mvua huweza kunyesha mbali, huko Nyambene, na maji yakakufikia pasi na wewe kuona hata tone moja la mvua. Siku ile mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa milima. Tulishuka, tukavua viatu, tukaanza kulisukuma. Watu wawili, mmoja akiwa na miaka arubaini na kitu na kitambi cha ofisini, hawawezi kulisukuma gari juu ya mchanga. Lori lililokuwa likienda Merti kupakia mbuzi ndilo lililotuokoa. Utingo wake alitufunga kwa kamba na kutuvuta hadi ukingoni. Gari tuliliacha pale, tukapanda lori pamoja na kamusi zetu, tukaingia Korbesa usiku. Maji hayakuja usiku ule. Yangekuja, pengine makala haya yangeandikwa na mtu mwingine, na yangekuwa ya rambirambi.

Kabla ya kulipanda lori, nilikuwa nimeyapiga picha maandishi yale kwa simu yangu. Kesho yake nilipopata mtandao mzuri nilimtumia picha hiyo mwenzangu wa chuoni anayekijua Kijapani, na jibu lake halikukawia. Maandishi hayo yalisema kwamba mfumo wa mseto una hitilafu, na kwamba dereva asimamishe gari mahali salama. Kwa wiki tatu gari lilikuwa likimwambia mwalimu wetu, kwa adabu zote za Kijapani, aache kuliendesha.

Kuna jambo hapa litakalowapendeza wanafunzi wa isimu. Maneno mawili makuu katika onyo lile, yaani "haiburiddo shisutemu", Kijapani kimeyakopa kutoka Kiingereza, na mwalimu anakijua Kiingereza vizuri. Lakini Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu ya maandishi inayochanganywa katika sentensi moja, na maneno ya mkopo huwa na mfumo wake. Kwa hiyo, neno ambalo sikio lingeweza kulitambua lilipita mbele ya macho likiwa limevaa nguo ngeni. Onyo lilikuwapo, maneno yake yalikuwa nusu ya kwetu, na bado halikuwa onyo. Onyo hukamilika linapoeleweka. Kabla ya hapo ni wino au mwanga tu.

Fundi mmoja kutoka Isiolo mwenye uzoefu wa magari haya alikuja siku ya tatu. Aliondoa kiti cha nyuma na kutuonyesha chanzo cha ajali yetu. Betri kubwa ya gari lile iko nyuma ya kiti hicho, nayo hupata joto inapofanya kazi. Ili isiungue, kuna feni ndogo inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti. Feni ile ilikuwa imejaa vumbi la Isiolo lililoshikamana kama sufu. Na juu ya tundu hilo, tulipokuwa safarini, tulikuwa tumeegemeza katoni la kamusi. Chini ya tundu pameandikwa maneno machache, kwa Kijapani bila shaka, kwamba lisizibwe. Nilicheka, lakini si kwa furaha. Mimi, mwalimu wa maneno, nililiziba tundu kwa kamusi kwa sababu sikuweza kusoma sentensi moja.

Laiti mambo yangeishia hapo, ningesema tumejifunza na tumeokoka. Lakini mwenzangu wa chuoni, kwa wema wake, aliniomba nambari ya chesisi ya gari. Kila gari lina nambari hiyo. Imechongwa kwenye chuma chake na kuandikwa katika hati ya umiliki. Kampuni za Japani huweka kwenye mtandao mahali pa kuingiza nambari hiyo ili mwenye gari ajue kama limewahi kuitwa kwa marekebisho ya usalama. Aliiingiza, na majibu yakatoka. Gari la mwalimu lilikuwa limeitwa mara mbili, na mara zote mbili halikwenda. Mwito wa kwanza ulihusu programu inayosimamia nguvu za umeme. Wa pili ulihusu mfuko wa hewa wa abiria wa mbele, yaani ule uliokuwa umejikunja mbele ya kifua changu tangu Isiolo hadi kwenye laga.

Yafaa nieleze maana ya mwito huo, maana katika Kiswahili bado hatujakubaliana juu ya jina lake. Kiwanda kinapogundua kwamba magari kilichoyauza yana kasoro inayoweza kuua, hutangaza kwamba yarudishwe yakatengenezwe bila malipo. Mimi nauita mwito wa marekebisho; mwenye jina bora na alilete. Wajapani wenyewe hawakujisumbua kubuni jina. Wamelikopa neno la Kiingereza na kulitamka "rikooru", na magari yao hutengenezwa vilevile. Kukosa istilahi si kisingizio cha kukosa usalama.

Miito hii si michache wala si siri. Mnamo Februari 2014, Toyota iliita magari milioni 1.9 ya Prius duniani kote kwa sababu ya kasoro katika programu inayoendesha inveta, chombo kinachobadili umeme wa betri uwe wa kuzungusha mota. Oktoba 2018 kampuni hiyo hiyo iliita magari ya mseto yapatayo milioni 2.4, mengi yao yakiwa yameshaitwa na kutengenezwa hapo awali. Iligunduliwa kwamba, katika hali fulani za nadra, badala ya kupunguza nguvu na kujikongoja hadi mahali salama, gari lingeweza kuzimika kabisa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Septemba 2018, magari yapatayo milioni moja yalikuwa yameitwa kwa hofu ya nyaya kuchubuka na kusababisha moto. Honda nao walitoa Fit ya mseto mnamo Septemba 2013, na katika muda wa mwaka mmoja hivi wakaiita mara tano. Oktoba 2014 rais wa kampuni hiyo na wakuu wenzake wakakubali kukatwa sehemu ya mishahara yao kama ishara ya kuwajibika.

Naomba msomaji asinielewe vibaya. Siyasemi haya ili kuzichafua kampuni hizo. Kinyume chake, kampuni inayoita magari yake na kukiri kosa hadharani imefanya jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi hata nyumbani mwetu. Gari lililoitwa na kutengenezwa huwa salama kuliko lilivyokuwa siku ya kwanza. Hatari iko katika gari lililoitwa lisiende.

Kuhusu mfuko wa hewa, habari ni nzito zaidi. Kampuni ya Takata ya Japani iliwauzia mifuko hiyo watengenezaji wengi wa magari duniani. Ndani yake mna kikopo cha chuma chenye kemikali iitwayo amoniamu naitreti, ambayo hulipuka na kuujaza mfuko kufumba na kufumbua gari linapogonga. Kemikali hiyo, isipowekewa kikausho, huharibika polepole kwa unyevu na kwa joto linalopanda na kushuka mwaka baada ya mwaka. Ikishaharibika hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kikopo kikapasuka, na vipande vya chuma vikamrukia yule yule ambaye mfuko ulikusudiwa kumwokoa. Miito ilianza mwaka 2008 na kuendelea hadi ikawa mikubwa kuliko yote katika historia ya magari: nchini Marekani pekee mifuko ipatayo milioni 67. Zaidi ya watu 25 wamekufa huko kwa vipande hivyo. Takata yenyewe ilifilisika Juni 2017.

Je, mwito hufanywaje? Kiwanda humwandikia barua mwenye gari kwa anwani iliyosajiliwa. Kwa hiyo barua ya gari la rafiki yangu ilikwenda kwa mtu aliyekuwa amesajiliwa huko Japani. Labda aliisoma akaiweka kando. Labda alikuwa ameshaliuza gari na barua ikabaki mezani pa mgeni. Tunachokijua ni kwamba gari lilivuka bahari na barua haikuvuka. Yadi ya Nairobi ililiosha, ikaling'arisha na kulipulizia marashi. Mmiliki wa kwanza Mkenya aliliendesha na kuliuza. Kila aliyelishika alimkabidhi mwenziwe ufunguo na hati, na hakuna aliyekabidhi habari. Mwalimu alipompigia simu aliyemuuzia, aliambiwa gari lilikuwa zima lilipoondoka pale. Alipouliza kwingine kuhusu kurekebishwa bila malipo, aliambiwa gari hilo halikuletwa nchini na wao. Alizungushwa kama tiara.

Mchana mmoja nikiwa bado Korbesa, niliketi kivulini na mzee mmoja mfugaji, jirani ya mwalimu, nikamsimulia kisa hiki. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza gari lile lilinunuliwa kwa fedha ngapi. Nilipomtajia, alinyamaza kidogo, akasema:

"Mwanangu, mimi nikienda mnadani Merti kununua mtamba mmoja, huuliza ni wa nani, mamake alikuwa na maziwa kiasi gani, aliwahi kuugua nini, na alama hii sikioni ni ya ukoo gani. Muuzaji akinificha ugonjwa, ukoo wake wote hupata aibu. Ninyi mliosoma mnanunua mnyama wa thamani ya mitamba ishirini na hamuulizi hata aliugua nini?"

Sikuwa na jibu. Alama ya sikioni ipo, ndiyo ile nambari ya chesisi. Hatukufunzwa kuiuliza.

Na hapa ndipo nilipokusudia kufika. Nchi yetu ina masharti juu ya magari makuukuu: lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, usukani uwe kulia, na likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Haya ni mema. Lakini umri wa gari ni jambo moja na historia yake ya ugonjwa ni jingine. Gari la miaka saba lenye mwito usiojibiwa ni hatari kuliko la miaka kumi lililotengenezwa. Japani kwenyewe, tangu Mei 2018, gari lenye mfuko wa Takata ulio hatari ambao haukurekebishwa halipitishwi katika ukaguzi wa lazima. New Zealand, ambayo kama sisi hununua magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, iliamuru mwaka huo huo wa 2018 kwamba mifuko ya aina iliyo hatari zaidi ibadilishwe kwa lazima, na ikazuia magari yenye mifuko hiyo kuingia kabla ya kurekebishwa. Hivyo basi, haiwezi kusemwa kwamba jambo hili halina dawa.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na alichokinunua. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Tukivisoma vifungu hivi viwili kwa pamoja, maana yake ni nini? Mimi si mwanasheria, lakini kwa akili ya mwanaisimu naona kwamba habari aliyopewa mtu kwa lugha asiyoielewa ni habari ambayo hakupewa.

Mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, yaani NTSA, husajili kila gari kwa nambari yake ya chesisi na kuiambatanisha na jina la mmiliki. Kampuni za Japani zina orodha ya nambari zilizoitwa. Orodha hizi mbili zikikutanishwa, kila mwenye gari lililoitwa angeweza kupelekewa ujumbe mfupi wa simu kwa Kiswahili: gari lako lina kasoro ya usalama, usimkalishe mtu kiti cha mbele kushoto, lipeleke mahali fulani. Sentensi moja tu! Nchi iliyoweza kutumia simu kutuma fedha hadi kwa mchungaji aliye malishoni itashindwaje kutuma sentensi? Isitoshe, yadi zinazouza magari haya zingeweza kulazimishwa kumpa mnunuzi karatasi moja inayoonyesha miito ya gari na iliyojibiwa, pamoja na tafsiri ya maonyo makuu ya dashibodi. Tafsiri hiyo ingeandaliwa mara moja na kutumika kwa maelfu ya magari. Vyuo vyetu vinawafundisha vijana taaluma ya tafsiri kila mwaka, kisha tunalalamika kwamba hawana kazi.

Tukiwa tunaisubiri serikali, yako tunayoweza kuyafanya wenyewe. Anayetaka kununua gari na aiombe nambari ya chesisi kabla ya kutoa hata shilingi, aiangalie katika mtandao wa kampuni husika, na akikataliwa nambari hiyo aondoke mbio. Anayeliona onyo asilolielewa na alipige picha siku hiyo hiyo. Simu nyingi za leo zaweza kutafsiri maandishi kutoka katika picha. Mwenye gari la mseto, hasa sisi wa nchi za vumbi, na aisafishe feni ya betri na asilizibe tundu lake kwa mizigo. Na fundi asiyefunzwa kazi hii asiziguse kamwe nyaya zile nene za rangi ya machungwa. Umeme upitao humo ni wa mamia ya volti, nao hauna msamaha.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Tunawafundisha wanafunzi kuandika insha za ajali za barabarani zinazoanza kwa jua kuchomoza na kuishia kwa ving'ora. Hebu tuwafundishe pia kuandika onyo. Sentensi fupi, yenye kitenzi cha kuamuru, inayosema hatari ni nini, iko wapi na mtu afanye nini. Nilipozungumza na wanafunzi wa Korbesa niliiweka kando hotuba niliyoiandaa, nikawapa zoezi hilo. Kijana mmoja aliandika onyo la laga kwa maneno sita, na sijaona bora kuliko lake.

Sasa turudi kwa mwalimu. Baada ya gari kutengenezwa feni, alitokea mtu mjini Isiolo aliyetaka kulinunua kwa bei nzuri, ambayo ingeumaliza mkopo wote. Mwalimu alinipigia simu usiku. Hakuniuliza nifanyeje, alitaka tu mtu wa kumsikiliza. Alisema, "Daktari, nikinyamaza, mkopo umekwisha kesho. Nikisema, nitakatwa mshahara miaka miwili na zaidi." Nilimwambia kwamba uamuzi ni wake. Kesho yake alimwonyesha mnunuzi zile karatasi mbili kutoka Japani na kumweleza kila kitu. Mnunuzi alimshukuru sana, akaenda zake.

Gari bado liko Korbesa. Programu yake haijarekebishwa na mfuko wake haujabadilishwa. Mwalimu angali akiandika barua. Abiria wote huketi nyuma, hata wazee wenye heshima zao, na makatoni hayapakiwi tena karibu na lile tundu. Kwenye dashibodi, mbele ya kiti cha abiria, amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono, juu kwa Kiswahili na chini kwa Kiborana: "Usikae hapa. Kuna hatari ndani." Limepita mikononi mwa watu wengi gari lile, na hilo ndilo onyo lake la kwanza ambalo mtu wa Korbesa anaweza kulisoma.